Karamu Isiyovuja

Asubuhi ya leo nimekaanga bizari nyembamba. Ukiikaanga kwenye sufuria kavu bila haraka, hufika wakati ikaanza kurukaruka na kutoa harufu ambayo haijui mipaka. Itapita mlangoni, itavuka ua, itaingia hata kwa jirani ambaye hukumwalika. Watu wengine harufu hiyo huwapeleka harusini au kwenye Idi. Mimi hunipeleka juu ya jiwe, kilimani, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama mbele ya darasa zima na sufuria wazi. Naomba mnisikilize polepole, kwa kuwa hadithi hii ina kiburi changu ndani yake, na mtu hasimulii kiburi chake kwa mbio.

Mwaka ule tulikuwa tumehama Kitale kuja Kamukuywa. Kwa gari si safari ya kutisha, lakini mimi niliona kana kwamba tumehamia nchi nyingine. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, na siku zake nyingi ziliishia Moi's Bridge. Mama, ambaye alizaliwa Kitale na kuuza leso na vitambaa katika soko la Kitale tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amepata kibanda kizuri katika soko la Kamukuywa. Basi tukapakia vitanda, kuku watano na mimi, tukaja. Bibi yangu, mama yake Baba, alibaki Kitale karibu na msikiti, katika nyumba ileile ambamo nilikuwa nimelelewa mapajani mwake.

Lazima niwaeleze kuhusu Bibi, maana yeye ndiye mzizi wa yote. Bibi alikuwa mtu wa pwani aliyeolewa bara akiwa msichana, na kwa miaka yote aliyokaa Kitale hakukubali hata siku moja kwamba *l* na *r* zinaweza kubadilishana zamu. Jirani akimwambia, "Mama, mimi nimerara vizuri," Bibi humuuliza kwa upole, "Umerarua nini?" Kiswahili changu alikichunga kama mtu anavyochunga kifaranga. Na alikuwa na msemo wake aliopenda kunirudia nikienda shule: "Mwalimu ni kamusi inayotembea. Neno likitoka kinywani mwa mwalimu, limekwisha kuchujwa." Nilimwamini, tena kupita kiasi.

Ndiyo sababu siku ya kwanza katika darasa langu jipya, msichana mmoja aliponikaribisha akisema, "Karibu Lehema, kaa hapa," mimi nilisimama wima nikamjibu, "Ni Rehema. Re. He. Ma." Naona haya hata ninaposimulia. Siku ya pili nilimsahihisha mvulana aliyeitwa Wanyonyi aliposema "lafiki". Siku ya tatu hakukuwa na wa kumsahihisha, kwa sababu hakuna aliyenisemesha. Wakati wa mapumziko wenzangu walikimbia uwanjani, mimi nikakaa kwenye ngazi za darasa na chapati yangu. Chapati ya kula peke yako hukauka mdomoni, hata ipakwe mafuta kiasi gani. Nilikula chapati za namna hiyo wiki tatu nzima.

Jumapili moja nikamwambia Mama kwamba nataka kurudi kwa Bibi. Sikulia wala kupiga kelele, niliitoa tu kama habari. Mama alikuwa akikunja leso za kupeleka sokoni. Alikunja mbili tatu zaidi, kisha akasema, "Nipe wiki moja. Jumamosi jioni tutaongea. Ukiwa bado huna hata rafiki mmoja, Jumapili asubuhi nitakupeleka mwenyewe." Nikaona nimeshinda. Siku hiyohiyo nikavuta mkoba wangu chini ya kitanda, nikaanza kupanga nguo. Nakumbuka nilipanga hata sweta, ingawa nilikuwa bado nalihitaji. Mama alipita mlangoni, akauona mkoba, akaendelea na safari yake ya jikoni.

Alhamisi ya wiki hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Barasa, aliingia darasani akiwa na uso wa mtu mwenye habari njema. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti la kahawia ambalo mifuko yake ilijaa vipande vya chaki. Ubaoni aliandika Kiswahili safi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Mdomoni ilikuwa habari nyingine, lakini masikio yangu hayakuwa tayari kukubali jambo hilo kwa mtu anayeitwa mwalimu.

"Jumamosi tunapanda Lwanda," alisema, na darasa likapiga kelele za furaha. Lwanda kwa Kibukusu ni jiwe, na ndivyo watu walivyokiita kilima kile cha mwamba mtupu tulichokiona kutoka dirishani, mwendo wa saa moja hivi kutoka shuleni. "Tutaangaria inchi yetu kutoka juu. Saa saba tuko nyumbani. Sasa sikieni. Kira mtoto akuje na karamu yake. Sitaki mtu wa kuomba mwenzake karamu huko juu."

Mimi nikakaa sawasawa. Karamu! Huko Kitale tulipotembelea mahali tulipewa mkate na soda, basi.

"Na ikuwe karamu mzuri," Mwalimu akaendelea. "Sio ire ya kuvujavuja, inachafulia watu mikono. Na wewe Wanyonyi, usiniretee tena karamu imetafunwa upande moja."

Darasa zima likamcheka Wanyonyi. Mimi nilimhurumia. Nilijiuliza ni nyumba gani hiyo inayompa mtoto chakula kilichokwisha kutafunwa.

Jioni nilimkuta Mama ameinamia jiko, nikamsimulia yote kwa kuhesabu vidole. Kwanza, kila mtu aende na karamu yake mwenyewe, hakuna kuomba. Pili, isiwe karamu ya kuvuja. Tatu, isiwe imetafunwa. Mama alinitazama kidogo. Kisha akageukia jiko akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka mabega yakatikisika, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Moshi," alisema. Jiko lilikuwa la makaa, na makaa yenyewe yalikuwa yamekolea zamani, mekundu matupu.

"Kwa hivyo isivuje," akarudia alipopata pumzi.

"Isivuje, Mama."

"Basi mchuzi hapana."

"Hapana."

"Na isiwe imetafunwa." Hapo alikohoa tena kidogo. "Hiyo ni pilau, Rehema. Hakuna kingine."

Nilimwambia kikopo kidogo kinatosha, kwa sababu mwalimu mwenyewe alisema kila mtu na yake. Mama akatikisa kichwa. "Karamu ya mtu mmoja si karamu, mwanangu. Hicho ni chakula cha mchana tu." Nikakubali, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa na mantiki, na pia kwa kuwa napenda pilau.

Jumamosi niliamshwa na harufu. Ndiyo hii niliyowaambia, ya bizari inayorukaruka, na nyuma yake vitunguu vinavyogeuka rangi. Nilipotoka uani kunawa uso nilihesabu kuku wetu, nikapata watatu. Mama alikuwa ameipakua pilau yote katika sufuria yenye mfuniko wa kubana, na juu ya mfuniko akapanga majani ya mgomba aliyoyakata vipande vipande, rundo zima. Nilimuuliza majani yote hayo ya nini. "Ya kufunikia joto," alisema. Akaifunga sufuria kwa leso mbili, ya ndani na ya nje, akakaza fundo juu. "Usifungue njiani. Mpaka mwalimu aseme. Na uende polepole. Mwenda pole hajikwai."

Shuleni nilikuwa wa mwisho kufika. Wenzangu walikuwa wamepanga mstari, wengi mikono mitupu. Niliwakagua mmoja mmoja nikitafuta karamu zao. Wanyonyi alikuwa na kalamu tu katika mfuko wa shati na muwa mkononi. Msichana wa mbele yake alikuwa na kiazi kitamu kimoja kilichochemshwa. Nilidhani wengine wamekwisha kula njiani, au karamu zao ni ndogo, zinaingia mfukoni. Nikaona aibu kwa ukubwa wa yangu. Niliikumbatia sufuria tumboni kama mtu aliyeiba, nikaingia mwisho wa mstari.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi, na sitawadanganya kwamba tulipanda mlima wa kusifiwa. Kwanza tulipita katikati ya mahindi yaliyokuwa yametuzidi urefu, yametoa mbelewele, na umande wake ukatulowesha mabega. Kisha tukavuka kijito kwa kukanyaga mawe. Halafu mashamba yakaisha ghafla, na jiwe likaanza. Wenye vitabu huliita itale. Sisi tulijua tu kwamba ni jiwe la kijivu, kubwa kuliko kijiji, limelala kifudifudi, lina chembe zinazometameta ukilitazama kwa karibu, na ukilikanyaga bila viatu linakwaruza nyayo kwa namna ya kupendeza. Mijusi kafiri walikuwa wakiota jua juu yake, vichwa vyekundu na migongo ya buluu, wakitufanyia ishara ya kukubali kila tulipopita.

Mimi sikuwa na nafasi ya kufurahia hayo, kwani mikono ilikuwa inakufa ganzi. Mstari ukaniacha. Nikasimama, nikaweka sufuria chini, nikaiinua tena, nikasimama tena. Mara nikaona miguu mbele yangu, mitupu, na viatu vimeshikwa mkononi. Alikuwa Nasimiyu, yule msichana niliyemsahihisha siku ya kwanza.

"Wewe Lehema, ukibeba hivyo utafika kesho," alisema. "Leta nikuonyeshe."

Aling'oa nyasi ndefu pembeni ya jiwe, akazisokota mviringo, akapata ngata safi ya kuwekea mzigo. Akaniwekea kichwani, akapandisha sufuria juu yake, akanishika kiuno mpaka nikapata mizani. Nilipiga hatua tano sufuria ikaanza kuhama. Akaichukua yeye, akatembea nayo hata bila kuishika. Mnajua sikumsahihisha? Jina langu lilikuwa Lehema kuanzia chini ya jiwe mpaka juu, na wala halikuniwasha.

"Kwani umebeba nini humu?" aliniuliza.

"Karamu yangu."

Alisimama, akanigeukia shingo imenyooka kwa sababu ya mzigo. "Karamu moja ndiyo nzito hivi?"

"Ni Mama. Alisema isiwe ndogo."

"Bana," alisema Nasimiyu, "hiyo karamu yako inaandika na mawe ama?"

Nilidhani ndivyo wanavyotaniana huko, nikacheka. Naye akacheka kwa sababu nimecheka. Tukawa tunapokezana sufuria, yeye hatua mia, mimi hatua ishirini, na kila aliyekuwa mbele yetu alianza kugeuza pua. Mfuniko ulikuwa umebana, lakini bizari haijui mfuniko. "Nani anapika huku kwa mawe?" nilimsikia Wanyonyi akiuliza. Pimbi mmoja alichungulia kutoka kwenye ufa, akanusa, akatufikiria, akarudi ndani.

Tukafika juu. Nimepanda milima mingine tangu hapo, mirefu zaidi, na sijaona tena kitu kilichonifungua macho vile. Mgongo wa jiwe ulikuwa mpana na umekaa sawa, una vidimbwi vya maji ya mvua vyenye mbingu ndani. Upande wa machweo Mlima Elgon ulikuwa umejitandaza wote, na mawingu yake ya asubuhi bado yamekaa kileleni. Kusini palikuwa na ukingo wa Chetambe, na kabla yake mashamba ya miwa na mahindi yaliyogawanywa vipande vipande kama leso za Mama zilizopangwa kibandani. Mwalimu Barasa alinyoosha fimbo mashariki akatuonyesha kwa mbali mstari wa miti mirefu. "Ire ni Nzoia inapita," alisema, "na hizo za nyuma ni mirima ya Cherangany." Watoto walikuwa wakipiga kelele kila mmoja akitafuta paa la kwao.

Mimi nilitafuta Kitale. Nasimiyu alinielekeza kaskazini, ambako mabati yalikuwa yakimeta kidogo ndani ya ukungu. Nilitazama kwa muda. Nilikuwa nimedhani Bibi yuko mbali sana, kumbe mtu akisimama juu ya jiwe anaweza kuufunika umbali ule wote kwa kiganja. Nilipoteremsha macho niliona pia soko la Kamukuywa, dogo, karibu kabisa, na nikajua Mama yuko pale anafungua kibanda peke yake. Nilijisikia vibaya, na sikujua kwa nini.

"Haya!" Mwalimu alipiga makofi. "Kaeni chini. Toeni karamu."

Hatimaye! Nikapiga magoti haraka. Nikafungua leso ya nje, nikaitandaza juu ya mwamba, nikanyoosha pembe zake nne kama nilivyomwona Mama akitandika wageni wakija. Nikaiweka sufuria katikati, nikafungua leso ya ndani, nikaondoa rundo la majani, nikainua mfuniko kwa mikono miwili. Mvuke ukapanda. Nikainua kichwa nione wenzangu wametoa nini.

Walikuwa wametoa kalamu. Zote hewani, za buluu, nyeusi, nyingine zimetafunwa, na karatasi walizozikunja mifukoni zimetandazwa magotini. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi na paja la kuku lililokuwa juu kabisa.

Kisha Wanyonyi akaanza kucheka, akawaambukiza wote. Nilisikia masikio yakiwaka moto. Neno lilinifikia polepole, herufi kwa herufi. Kalamu. Ya kuandikia. Isiyovuja wino. Isiyotafunwa mwisho. Nikafikiria mkoba wangu chini ya kitanda, na sweta ndani yake, nikashukuru kwamba nimekwisha kupanga. Ningeondoka kesho alfajiri na nisingeonekana tena Kamukuywa.

Mwalimu Barasa akaja akachuchumaa mbele ya sufuria. "Rehema," alisema, na nakumbuka alilitamka sawasawa kabisa, "hii ni nini?"

"Karamu, Mwalimu." "Ulisema kila mtu aje na karamu yake. Isiyovuja."

Akaitazama pilau, akanitazama mimi, akatazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Halafu akakaa chini kabisa juu ya jiwe, miguu yake mirefu imenyooka, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini hakunicheka mimi, na watoto hulijua jambo hilo haraka. "Watoto," alisema akijipangusa, "Rehema ndiye mtu moja tu hapa amefanya kire niriambia. Nyinyi wote mumekosa. Na mimi mwarimu wa Kiswahiri nimekosa kuwashinda." Akainua kidole kama darasani. "Hii ya kuandika ni ka-ra-mu. Hii ya kukura ni ka-la-mu." Akasikiliza alichosema, akaona kimekwenda kinyume, akajaribu tena, kikaenda kinyume tena. Kufikia hapo hata mimi nilikuwa ninacheka na machozi yangu bado mashavuni.

"Basi tuwachane nayo," alisema. "Wekeni karamu chini. Tukure karamu."

Hapakuwa na sahani, lakini palikuwa na majani ya mgomba, vipande vya kutosha kila mtu, tena vikabaki viwili. Nasimiyu alikuwa amekaa karibu yangu, akawa mgawaji bila kuulizwa, akipakua kwa mfuniko wa kikopo chake cha maji na kumkaripia anayerudi mara ya pili. Kila mtu alipata tonge kadhaa, na waliobahatika walipata nyama. Wanyonyi alilamba jani lake pande zote, akaja akasimama mbele yangu akikuna kisogo. "Lehema," alisema, "mwambie mama yako tunapanda tena wiki ijayo." Ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, na mimi niliipokea.

Tulipomaliza, Mwalimu akasema sasa ni kazi, tuandike insha juu ya yale tunayoyaona. Nikashtuka, kwa sababu sasa sikuwa na kalamu, na alikwisha kusema hataki mtu wa kuomba. Nikainua leso ya ndani kuikung'uta punje za wali. Kitu kikaanguka mwambani kikalia *tik*. Kilikuwa kalamu ya buluu, na karatasi mbili zenye mistari zimekunjwa pamoja nayo. Nikaiokota haraka kabla mtu hajaona. Niliwaza kwamba Mama ameiangusha humo wakati wa kufunga, kwa bahati tu, na nilimshukuru Mungu kwa uzembe wa Mama.

Jioni nilimsimulia Mama mkasa wote, nikimwiga Mwalimu na Wanyonyi. Mama alishika mashavu. "Kumbe ni kalamu! Yaani mwalimu huyu ametuchezea!" Nikamweleza na kalamu ilivyoanguka kwenye leso kwa bahati. "Mungu mkubwa," alisema Mama, akaendelea kusugua sufuria kwa majivu. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Haya. Kesho ni Jumapili. Nikupeleke kwa Bibi saa ngapi?"

"Kesho siwezi," nilimjibu. "Nasimiyu anakuja kunifundisha kubeba bila kushika."

"Sawa," alisema Mama. Akaisugua sufuria ile muda mrefu sana, ingawa ilikwisha kutakata.

Miaka imepita mingi. Mwalimu Barasa amestaafu, analima. Nasimiyu anafanya kazi Kibabii na ndiye aliyemshika binti yangu wa kwanza hospitalini kabla hata baba yake hajamwona. Mimi ninakaa hapa mjini Bungoma, na hadithi ya pilau nimeisimulia mara nyingi kwenye sherehe, daima kama kichekesho juu yangu na Mama, watu wawili wa Kitale tusioelewa lugha ya majirani. Nasimiyu hunidakia na ile ya kuandika kwa mawe. Watu hucheka, nami hucheka nao.

Mpaka juzi. Juzi ulikuja ujumbe kwenye simu kutoka kwa mwalimu wa binti yangu mdogo, Salma, katika kundi la wazazi: watoto watapanda mlima keshokutwa, yaani leo, wavae viatu vya kufunga, "na kila mtoto aje na karamu mbili." Nilisoma, nikafungua droo, nikatoa kalamu mbili. Nilikuwa nimekwisha kuzishika ndipo mkono ukasimama.

Sikuwa nimewaza hata kidogo. Niliona karamu, nikachukua kalamu, kama mtu yeyote aliyekaa huku. Basi je, Mama? Mama aliyezaliwa Kitale, aliyewauzia leso wanawake wa Bungoma wakiziita reso, asubuhi mpaka jioni, miaka mingi kabla sijazaliwa? Nilikaa kitini. Nikaona tena makaa mekundu yasiyo na moshi. Nikayaona yale majani ya mgomba. Na kalamu ile ya buluu, jamani! Kalamu ya Mama ya kibandani ilikuwa na uzi, imetafunwa mpaka imepasuka. Ile iliyoanguka mwambani ilikuwa mpya kabisa, haijatafunwa, na haikuvuja hata tone.

Nikampigia simu. Yuko bado Kamukuywa, amekataa kuondoka.

"Mama, ile siku ya Lwanda. Ulijua ni kalamu."

"Kalamu gani? Mwalimu alisema karamu."

"Mama."

Alianza kukohoa. Safari hii hakusema ni moshi. Alipomaliza kucheka nikasikia kuku wake kwa nyuma.

"Mkoba ulikuwa umejaa, Rehema," alisema. "Ulikuwa umepanga mpaka sweta. Ningefanya nini, nikuache uende?"

Nililia, nami sioni haya kuwaambia. Nililia kwa ajili ya yule mama aliyekuwa mgeni sokoni kama nilivyokuwa mgeni darasani, mume yuko barabarani, na binti anamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba anaondoka. Kwa wiki tatu sikumuuliza hata siku moja kama yeye amepata rafiki.

Asubuhi ya leo nimeamka mapema. Nimetia kalamu mbili kwenye mkoba wa Salma, nikakagua kama hazivuji. Kisha nikamuuliza darasani kwao wako wangapi, nikatoa sufuria kubwa.